Ampli tatu, batri moja, fizible hakuna: nani atajibu siku gari ya matangazo itakapowaka moto?

Bunia, Ituri – Gari ya matangazo inapoingia katika kambi ya wahami, watoto ndio wanafika wa kwanza. Wanasimama mbele ya bafle, wengine wanashika mlango, wengine wanajaribu kupanda nyuma. Mama zao wanatoka katika vibanda ili wasikie habari iliyoletwa: chanjo, ugawaji wa chakula, orodha ya majina, ao mahubiri ya jioni. Kwa nusu saa ao zaidi gari hiyo inakaa katikati ya watu, mita chache tu na mahema ambayo yakishika moto hayamngoji mtu atafute ndoo ya maji.

Hakuna anayeuliza kilicho chini ya kapo. Na kilicho chini ya kapo, mara nyingi mno, ni waya mmoja uliofungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha batri, umepitishwa chini ya mazulia mpaka kofre, na huko nyuma umegawanywa kwa ampli mbili, tatu, hata nne, kwa kusokota nyaya na kuzizungushia tepu nyeusi. Fizible, ile ambayo wengine wanaiita fyuzi, haipo. Ao ipo, lakini mahali ambapo haisaidii mtu.

Jambo hili lisemwe wazi. Gari yenye ampli nyingi isiyo na fizible karibu na batri haifai kuingia mahali penye watu. Uzuri wa muziki hauhusiki hapa, wala siri ya mafundi. Kinachohusika ni uhai wa watu ambao hawakuikodi gari hiyo, hawakuilipia, na wengi wao wamekwisha kukimbia moto mara moja katika vijiji vyao.

Tuanzie kwa kosa ambalo limezaa mengine yote. Ukimuuliza mwenye gari kama ameweka fizible, atajibu bila wasiwasi: "Ampli iko na fizible yake." Ni kweli. Ubavuni mwa ampli karibu kila moja kuna fizible ndogo ya plastiki, ao mbili, ao tatu. Lakini hizo ziliwekwa na kiwanda kwa ajili ya ampli yenyewe, ili ikiharibika ndani moto usiendelee. Hazilindi waya unaotoka batri.

Kila shofere wa lori katika Ituri anajua kazi ya kizuizi kwenye daraja bovu. Kizuizi kinawekwa kabla ya daraja, ili lori lenye uzito mkubwa lisimame kabla ya kulipanda. Mtu akiweka kizuizi ng'ambo ya pili, baada ya daraja, lori litakuwa limekwisha kuanguka mtoni kabla askari hajanyanyua mkono. Fizible ya kwenye ampli ni kizuizi kilichowekwa ng'ambo ya pili. Daraja ni ule waya wa mita tano unaopita chini ya miguu ya abiria.

Waya huo unapita katika tundu la bati lenye makali, kati ya injini na chumba cha abiria. Unapita karibu na vyuma vya viti. Gari inapokwenda barabara ya Bunia–Mahagi ao kushuka Komanda, inatikisika siku nzima, na kila mtikisiko unakwaruza mpira wa waya kidogo. Siku moja shaba inagusa bati. Bati lote la gari limeunganishwa na upande wa kutoa wa batri, kwa hiyo mzunguko umekamilika bila kupitia ampli hata moja. Batri ya kawaida ya gari inaweza kusukuma mamia ya ampere katika hali hiyo. Waya unakuwa mwekundu kama nyaya za pasi, mpira unayeyuka, zulia linawaka. Na ile fizible ya ampli inabaki nzima kabisa, kwa kuwa umeme haukufika kwake.

Ndiyo sababu kanuni ya kwanza haina mjadala: fizible kubwa iwe kwenye waya wa kuingiza, karibu na batri, isipite sentimita 45 kutoka kichwa cha batri. Ikiwa karibu zaidi, ni vizuri zaidi. Kipande cha waya kilicho kati ya batri na fizible ndicho pekee kisicho na mlinzi, kwa hiyo kiwe kifupi na kifunikwe vizuri.

Kanuni ya pili ndiyo inayowashinda hata mafundi wenye jina: fizible inapimwa kwa unene wa waya. Haipimwi kwa hamu ya mwenye gari. Msikilizaji ahesabu mwenyewe. Gari iko na ampli tatu. Ya besi ina fizible mbili za ampere 40, jumla 80. Ya vipaza sauti ina 30. Ya bafle za kati ina 30. Zote pamoja ni ampere 140. Kwa mzigo kama huo, waya mkuu wa shaba safi unapaswa kuwa na unene wa milimita mraba 35 hivi, na fizible kubwa ya ampere 150 karibu na batri. Waya ukiwa mwembamba kuliko hapo, fizible nayo inapaswa kushuka, na sauti ishuke pamoja nayo. Kubakiza waya mwembamba na kupandisha fizible ni kumfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi.

Kinachofanyika mjini ni kingine. Ampli hizo tatu zinalishwa kwa waya wa milimita mraba 10, kwa kuwa ndio uliopatikana. Sauti ikifunguliwa mpaka ampere 100 zipite humo, waya wa shaba wa mita tano peke yake unapoteza karibu wati 90 kwa joto tu. Na hapo ni shaba safi. Nyaya nyingi za bei rahisi zenye mpira mnene na rangi nzuri si shaba, ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kata ncha, kwaruza kwa kisu: ukiona weupe ndani, umeuziwa alumini. Hiyo inapitisha umeme kwa shida zaidi, na joto lile linapita wati 130. Joto hilo liko chini ya zulia, chini ya miguu ya mama aliyepewa lifti na mtoto mgongoni.

Kanuni ya tatu: kila mahali waya mnene unapogawanyika na kuwa nyaya nyembamba, pawepo fizible nyingine kwa kila tawi, pale pale kwenye mgawanyiko. Fizible ya ampere 150 inaulinda waya wa milimita 35. Hailindi waya wa milimita 6 uliosokotwa kwenye ncha yake. Ule mwembamba ukigusa bati, unaweza kupitisha ampere 100 na kuwaka moto, na fizible kubwa ikatazama tu, maana kwake 100 ni mzigo wa kawaida. Kwa mfano ule ule wa ampli tatu, tawi la besi linahitaji waya wa milimita 25 na fizible ya 80. Yale mawili mengine, waya wa milimita 10 na fizible ya 30 kila moja. Kuna vigawanyio vinavyouzwa vikiwa na nafasi za fizible ndani. Tepu nyeusi si kigawanyio.

Sasa ziko sababu zinazotolewa na wenye gari na mafundi. Zinastahili kusikilizwa moja moja, maana zimerudiwa mpaka zimekuwa kama sheria.

Ya kwanza wanasema: "Fizible inaungua kila mara, inatuvunjia kazi." Basi inatolewa, na mahali pake panawekwa kipande cha waya, karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, hata msumari. Lakini fizible inayoungua kila mara inatoa habari. Inasema: mzigo ni mkubwa kuliko hesabu, ao kuna waya unaogusa mahali, ao ampli imekwisha kufa ndani. Mtu anayejibu habari hiyo kwa msumari ni sawa na yule anayemfunga mdomo mlinzi wa usiku kwa kuwa anapiga kelele wezi wakija.

Ya pili: "Fizible inapunguza nguvu ya muziki." Hapana. Fizible yenye kipimo sawa, iliyokazwa vizuri, inapoteza sehemu ndogo sana ya volti moja. Kinachokula nguvu ni waya mwembamba, alumini ya kudanganya, na masi iliyofungwa juu ya rangi. Kijana anayelalamika kwamba besi yake ni dhaifu atazame huko kwanza.

Ya tatu: "Hapa kwetu fizible kubwa hazipatikani." Ampli zinazovuma Bunia hazikuota shambani. Nyingi zinapita mpaka wa Uganda, kwa njia ya Mahagi ao Aru, kwenye mizigo ya wafanyabiashara wale wale wanaoagizwa kila wiki. Anayeweza kumwagiza mtu ampli ya wati elfu anaweza kumwagiza na fizible ya bamba yenye kikombe chake, ambayo inaingia katika mfuko wa shati. Bei yake haikaribii bei ya bafle moja. Isipofika, iko sababu moja tu: hakuna aliyeiagiza.

Ya nne: "Tunafanya hivi miaka mingi na hakuna kilichotokea." Mpira wa waya hauchakai kwa siku moja. Miaka mingi bila moto inaonyesha tu kwamba waya umekwaruzwa miaka mingi.

Lakini haki itendeke pande zote: hata fizible haimalizi kila hatari, na fundi anayeiweka kisha akajisifu kwamba kazi imekwisha anadanganya pia. Fizible inaona umeme uliozidi. Haioni kiungo kilicholegea. Kiungo kibovu chenye ukinzani wa sehemu moja ya mia ya om, kikipitishiwa ampere 100, kinatoa wati 100 za joto mahali padogo kama ukucha wa kidole gumba. Chuma cha kulehemu redio kinatumia wati 40 ao 60 tu, na kinayeyusha soderi. Kwa hiyo kila ncha ya waya ifungwe kichwa cha shaba kilichobanwa barabara, kikazwe kwa boluti, na kila waya unaopita tundu la bati uvalishwe mpira wa kuzuia makali.

Masi nayo si jambo la kufanya kwa haraka. Umeme wote unaoingia lazima urudi. Waya wa masi uwe na unene sawa na ule wa kuingiza, uwe mfupi, na bati likwaruzwe mpaka liwe jeupe kabla ya kufunga boluti. Boluti za mkanda wa kiti zisitumike. Zile zina kazi yao ya kuokoa watu. Ampli zote zikifungwa masi mahali pamoja, hata ule mlio unaopanda na kushuka pamoja na injini mara nyingi unatoweka.

Na wale wanaoongeza batri ya pili nyuma ili sauti isikatike injini ikizimwa, wakumbuke kwamba wameongeza chemchemi ya pili ya moto. Waya unaounganisha batri mbili unalishwa pande zote mbili. Fizible moja haitoshi: moja iwe karibu na batri ya mbele, nyingine karibu na ya nyuma. Batri hiyo ifungwe isitembee, na isikae chumba kimoja na bidoni ya esanse iliyonunuliwa kwa kadafi wa barabarani. Kuona ampli, batri na bidoni ya lita 20 katika kofre moja, chini ya kitambaa kimoja, ni jambo ambalo halifai kumchekesha mtu.

Ni nani basi anayepaswa kujibu? Ni rahisi kumlaumu kijana anayefunga nyaya. Wengi wa vijana hao wamejifunza kwa kutazama tu, chini ya mwembe, bila mtu wa kuwaonyesha hesabu. Kosa lao lipo, lakini si lao peke yao. Mara ngapi fundi amemwambia mwenye gari anunue waya mnene na fizible tatu, akajibiwa: "Funga hivyo hivyo, kesho tuna sherehe"? Mtu aliyelipa bei kubwa kwa ajili ya kelele anakataa kulipa bei ndogo kwa ajili ya usalama, kisha moto ukiwaka anasema ni mapenzi ya Mungu.

Baada yake anakuja yule anayekodi: kanisa, shirika la misaada, mgombea wa uchaguzi, mwenye baa, na redio pia, kwa sababu redio nazo zinatuma gari za namna hiyo mitaani. Mashirika yanadai karatasi za gari, bima, na leseni ya shofere. Ni vizuri. Lakini wakati wa mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 mpaka 2020, na katika kampeni nyingi za chanjo baadaye, sauti ya gari ndiyo ilipeleka habari ya kuokoa watu mpaka vijijini. Gari inayobeba ujumbe wa afya haipaswi kuwa yenyewe hatari kwa afya. Kabla ya kutia sahihi, mtu mmoja afungue kapo. Kazi hiyo inachukua dakika moja: fuata waya mnene kutoka batri, tafuta fizible. Kama haionekani kabla ya waya kuingia ndani ya gari, mkataba usubiri.

Viongozi wa mji nao hawawezi kukaa kimya. Gari inasimamishwa kila siku kwa ajili ya karatasi, na shofere analipa, lakini hakuna anayemuuliza juu ya waya ulio wazi juu ya batri. Ruhusa ya kupiga matangazo inatolewa kwa kutazama saa na njia. Ingeongezwa sharti moja tu, kwamba gari iwe na fizible karibu na batri na kizima moto kinachofanya kazi, wenye gari wangenunua fizible wiki hiyo hiyo. Lakini sharti hilo lisigeuzwe kuwa mlango mwingine wa kuomba pesa. Atakayekagua aonyeshwe kwanza anachokagua.

Wanaobaki ni wahami wenyewe, na hapa kuna neno ambalo halisemwi vya kutosha. Mtu aliyepoteza nyumba hakupoteza haki ya kuuliza. Rais wa kambi na komite yake wanaweza kumwambia shofere asimame mbali na mahema, pale penye uwazi, na watoto wakae nyuma ya mstari. Wanaweza kumwomba afungue kapo. Atakayekasirika amejibu swali kabla ya kulijibu.

Na kanuni hiyo hiyo inaingia mpaka ndani ya kibanda. Familia nyingi zina batri ndogo ya sola ya kuwasha taa na kuchaji simu, na vikundi vya maombi vina ampli yao kwenye batri ya gari. Ijapo haina injini, batri haichagui: waya wake ukigusana, utawaka vile vile, na juu yake kuna hema. Waya wa milimita 2.5 unaotoka kwenye batri hiyo uwekewe fizible ya ampere 10 ao 15, karibu na kichwa cha kuingiza. Zile ndogo za plastiki za gari zinajulikana kwa rangi: nyekundu ni 10, bluu ni 15, njano ni 20, kijani ni 30. Ikiungua, tafuta sababu, kisha weka nyingine ya rangi ile ile. Isipandishwe kamwe. Na anayetaka kushika nyaya zozote za gari aanze kufungua upande wa kutoa, amalize kwa kuufunga huo huo, ili ufunguo wake ukigusa bati usizae cheche.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Katika jambo hili la gari za matangazo, mchuma janga anakula na wa wenzake: mtoto aliyekimbilia muziki, mama aliyekuja kusikiliza jina lake kwenye orodha. Gari itakayoingia kambini Jumamosi hii bado inaweza kufungwa vizuri Ijumaa jioni. Fizible nne, boluti chache, na saa mbili za fundi mwenye subira. Mwenye gari anayesema hana muda huo, basi asipewe muda wa wahami kumsikiliza.